Siku Ploti Ilipompigia Mbwa Wangu Makofi

Nilipohama Kisumu Ndogo, kule Kibera, kuja Kawangware, nilikuja na cherehani, godoro na mbwa jike mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililochoka. Nilimwokota kwa wauza omena, wale dagaa wa ziwani, na tangu siku hiyo hakuna kiumbe mwingine anayefurahi hivyo akiniona nikirudi nyumbani. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nina mdomo, najijua, na mtu mwenye mdomo hupendwa na mbwa kwanza.

Katika ploti mpya, vyumba vya kupanga vinavyotazamana na ua mmoja, kila mtu alikuwa na ushauri wake. Mfunge kutwa nzima. Mpe pilipili awe mkali. Mchape. Nikawaambia wachapwe wao kwanza tuone kama watabweka. Mimi nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba mbwa hufundishwa kwa upole na kuchezeshwa akili. Basi nikawa namfichia omena kwenye trei ya mayai, kila tundu nimeliziba kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye ushonaji, naye anachambua kwa pua kama mama anayechambua mchele. Siku nyingine nilimfungia ugali ndani ya fulana kuukuu yenye mafundo, akashinda akiyafungua huku mimi nashona kwa amani.

Kumfundisha adabu ndiko kulikoniponza. Wale wa kwenye simu wana kidude cha kubonyeza kinacholia tik ili mbwa ajue amepatia. Mimi sikuwa nacho, nikatumia makofi. Akiketi, makofi, omena. Akitoa mkono, makofi, omena. Akinyamaza mgeni anapopita mlangoni, makofi, omena. Alishika upesi kuliko watu wote niliowahi kuwafundisha cherehani. Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba hapa kwetu watu hupigia makofi kila jambo, na ploti yetu imezungukwa na makanisa. Jumapili mbwa wangu alishinda ameketi wima, mate yakimdondoka, akingoja waumini waje wamlishe.

Kisha mwizi akaingia mchana peupe, akaanua suruali za jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, akaondoka nazo. Mbwa alikuwa pale pale chini ya kamba. Hakubweka hata kidogo.

Jioni mama mwenye ploti akaita mkutano uani. Huyu ni mzaliwa wa hapa hapa, vyumba vyetu vimesimama kwenye shamba la babake, na hana mchezo.

"Hii mbwa ni ya nini sasa?" fundi alifoka. "Mwizi anabeba nguo zangu, hii kitu inamwangalia tu. Pengine hata ilimpa mkono!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua huenda ni kweli.

"Mathe, mbwa ya ploti ni ya kubweka," akaniambia mama anayeuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, pale langoni.

Mwenye ploti akanigeukia kutoka kwenye stuli yake. "Sikia, mama. Hapa hatuna maneno mingi. Wakisema iende, kesho iende."

Sikujua ploti nyingine ambayo ingetupokea sote wawili, na kumrudisha barabarani nisingeweza. Nilikuwa nimepanga hotuba ya kuwachoma wote, lakini hakunipa nafasi.

"Wenye wanataka mbwa iende, pigeni makofi!"

Ua mzima ukalipuka. Mbwa, aliyekuwa amelala kwenye gunia miguuni pangu, akaruka juu. Maishani mwake hakuwahi kusifiwa na watu wengi hivyo. Alimkimbilia fundi kwanza, akaketi mbele yake, mgongo wima, akamkazia macho. Fundi akaendelea kupiga. Mbwa akaona pengine kazi haijatosha, akamtolea mkono. Fundi akaacha. Akaenda kwa mama wa githeri, ambaye bado alikuwa anapiga, akaketi. Naye akaacha. Alizunguka hivyo mtu kwa mtu, na kila alipoketi makofi yalikufa, mpaka ua ukawa kimya.

"Sasa mbona mmenyamaza?" mwenye ploti akauliza, akapiga yake mawili makubwa kuwaonyesha. Mbwa akamjia mbio, akaketi, akamwekea mguu gotini.

"Inataka nini kwangu?"

Hotuba yote ilinitoka kichwani. "Inadhani mnaisifu," nikasema.

Fundi aliingiza mikono mfukoni. Mwenye ploti alimtazama mbwa, mbwa naye akamtazama, mkia ukifagia vumbi.

"Wee," akaniambia hatimaye, "si ulete hiyo chakula yake? Tumeisifu na haijakula."

Nilileta mkebe mzima wa omena. Kila aliyekuwa amepiga makofi alichukua moja akampa, nami nikalia mbele ya watu ambao nilikuwa nimeapa hawataniona nikilia. Fundi alikuwa wa mwisho. Aliinama, akampa yake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Lakini siku ingine ubweke, sawa?"