Sanduku la Barafu Hulala Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, Daktari Mkuu wa Mifugo aliufungua mzigo wangu wote barazani, mbele ya watu. Ilikuwa Mbarara, kwenye ofisi iliyonipa kazi ya kuchanja ng'ombe, na pikipiki niliyokabidhiwa ilikuwa imeinamia ukuta kwa uzito wa vitu nilivyoifunga. Mimi nilijiona hodari wa kujipanga. Nilibeba godoro la sponji, sufuria mbili, jiko la mkaa, mwavuli, nguo za juma zima, na Biblia kubwa ya familia, ile isiyotoka mezani.

"Mama Furaha," Daktari akasema, "wewe nahama ama nakuja kazi?"

"Nimekuja kazi, Daktari."

"Basi toa hiyo godoro. Na hiyo sufuria. Na hiyo ingine. Hii pikipiki iko ya chanjo. Wewe naomba lifti tu."

Watu walicheka, nami masikio yakaniwaka moto. Mwanamke mkimbizi wa kutoka Kivu ya Kusini akiendesha pikipiki tayari alikuwa kichekesho cha kutosha pale mjini. Niliapa moyoni kwamba hawatanicheka mara ya pili, na godoro nikalirudisha nyumbani siku hiyo hiyo.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mtaniuliza kwa nini tulibana mizigo namna ile. Chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo husafiri ndani ya sanduku la baridi, imezungukwa na pakiti za barafu, na kati ya barafu na chupa tulikunja gazeti ili dawa isigande. Ikipata joto huioni ikiharibika. Rangi ni ile ile, chupa ni ile ile, lakini ng'ombe uliyemchoma ataugua kana kwamba hukupita. Kwa hiyo nafasi yoyote iliyochukuliwa na godoro ilikuwa imenyang'anywa barafu. Na mazizi yalikuwa mbali. Kurudi Mbarara kila jioni kungemaliza mafuta na kutupotezea asubuhi, wakati ng'ombe bado wamo zizini. Tulilala huko huko njiani.

Mwishoni nilibaki na turubai, kamba, vitenge viwili, kikombe, sabuni, tochi, plagi ya pikipiki ya akiba na spana yake, na Agano Jipya la kuingia mfukoni. Kitenge kimoja kilikuwa shuka, taulo, mto, na pazia la kuogea. Cha pili kilikuwa cha kuvaa nikifika kwa watu, kwa sababu mama mzima haingii kwenye ua wa wenyewe na suruali ya matope akitegemea kuheshimiwa. Vyote nilivifunga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Kamba hulegea kwenye makorongo, mpira haulegei.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Masha, chini ya Bwana Mifugo wa huko, mtu mrefu aliyepiga miluzi akifikiri. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchagua mahali pa kulala. Siku moja, tukiwa tumeteremka naye mpaka karibu na ziwa Nakivale, nilianza kutandika turubai kwenye majani mafupi, laini, mazuri kuliko zulia la mchungaji wetu.

"Mama, nani nakata hiyo majani?" akaniuliza.

Nikasema labda mbuzi.

"Kiboko. Hiyo ni barabara yake. Wewe nataka kulala kwa barabara?"

Nilikusanya turubai. Tangu hapo nilisoma ardhi kwanza. Bondeni hapana, maji ya mvua hupita. Chini ya mkaratusi hapana, matawi yake huanguka bila taarifa. Pazuri ni mwinuko mdogo upande unaofikiwa na moshi wa zizi, maana moshi hufukuza mbu. Lakini kabla ya yote nilitafuta kivuli cha sanduku, kile kitakachokuwepo asubuhi jua likitoka. Sanduku likishapata pake, mimi nilichukua kilichobaki.

Kutoka Masha nilipelekwa Oruchinga, na kutoka Oruchinga nikarudishwa Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi nilikoishi, chini ya Msimamizi wa Eneo. Huyu alikuwa mtu wa utaratibu. Alikuwa ametuletea mahema mapya yenye zipu, mepesi, yanayokunjika kama chapati, na akatoa agizo: kila mchanjaji alale kwenye hema la ofisi, asilale nyumbani kwa mfugaji. Alikuwa na sababu. Ukilala kwa Mkongomani, Mrundi atasema chanjo nzuri imeishia kule. Ukilala kwa Mrundi, ni hivyo hivyo. Nililipenda agizo lile, na zaidi nililipenda hema.

Halafu ugonjwa ukaja kweli. Karantini ikawekwa, minada ikafungwa, na ng'ombe wa upande wa pili wa kilima wakaanza kutoa mate na kuchechemea. Chanjo ilikuwa kidogo. Zizi la mwisho kwenye njia yangu lilikuwa la Mzee Rugaza, mfugaji mwenye kundi kubwa lililokunywa maji kwenye bwawa moja na makundi yote ya jirani. Akikosa yeye, tumekosa wote, na barafu yangu isingevuka asubuhi iliyofuata.

Lazima niseme jambo moja. Mimi na Mzee Rugaza tulitoka milima ile ile ya Kivu, ila pande mbili. Watu wake na watu wangu walikuwa wametendeana mabaya, na kila mmoja wetu alikuwa na makaburi ya kukumbuka. Kambini tulisalimiana vizuri, basi.

Nilifika alasiri. Mkewe alikuwa anapasha maziwa. Nikasalimia, nikaegesha pikipiki, na kama nilivyoagizwa nikasimamisha hema langu pembeni mwa ua. Nilipogeuka, yule mama alikuwa ameepua sufuria na kuifunika. Mzee alikuwa amesimama na fimbo yake, analitazama hema.

"Mama, unaogopa kulala kwangu?"

"Hapana, Mzee. Ni agizo la kazi."

"Kwetu mugeni halalake inje. Ule mwenye kuya na nyumba yake, akuye pia na ngombe zake, achanje zile." Yaani, mwenye kuja na nyumba yake aje pia na ng'ombe wake. Akaingia ndani.

Ningeweza kuondoka, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilijua vilevile kwamba swali lake lilikuwa la kweli. Agizo lilikuwa agizo, sawa, lakini ndani ya hema lile nilikuwa nimefurahi pia kutolala chini ya paa lake. Hilo ndilo alilokuwa ameliona.

Nilifungua sanduku la baridi kutoka kwenye keria, nikaliingiza hemani, nikalifunika kwa turubai na kufunga zipu. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda mlangoni nikiwa mikono mitupu.

"Mzee, hema ni ya chanjo. Ndani mwenu kuko moto, chanjo haipendake moto. Miye sina nyumba. Niko natafuta fasi ya kulala."

Nilisikia ndama wakilia zizini. Kisha sauti ya mkewe: "Ingia, mama. Maziwa iko inapoa."

Nilikunywa maziwa yale mpaka mwisho, nikalala karibu na binti zao, na sitadanganya kwamba usingizi ulikuja mara moja. Alfajiri Mzee mwenyewe alikuwa ameshasimama kwenye lango la zizi akiwaita ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, wapite kwangu. Barafu ilikuwa imebaki vipande vyembamba, lakini chupa zilikuwa baridi. Kundi lile lilipona, na bwawa likapona.

Msimamizi aliniuliza kama hema lilisimamishwa. Nikamwambia lilisimama. Akauliza nani alilala humo. "Chanjo," nikasema. Akatoa agizo jipya: mahema ni ya masanduku, watu walale wanapopokelewa, zamu kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule.

Sasa nimestaafu. Mgongo wangu haupendi tena makorongo, na pikipiki inaendeshwa na wengine. Wanapokuja kuniuliza wabebe nini, nawaambia wabebe kidogo hata wenyeji waone kwamba wanahitajiwa.

Mwaka huu Mzee Rugaza amefariki. Nilienda msibani kwa miguu. Mvua ilianza nikiwa bado njiani, na uani walikuwa wamefunga turubai kubwa kwa ajili ya wageni. Nilikwenda kukaa chini yake na wenzangu wa upande wetu. Mjane akatoka ndani, akapita katikati ya watu wote, akanishika mkono.

"Huyu hakaake inje," akawaambia wanawe, akaniingiza nyumbani.

Nilikuwa nimekuja na kitenge tu.