Interview yangu ya video Bujumbura, na shangazi alivyoingia kwenye screen

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Hii ilinipata mimi mwenyewe, Bujumbura, miaka ile ya mwisho ya vita. Siongezi chumvi. Shangazi yangu yuko hai, nikidanganya atanikana.

Sisi ni watu wa Bwiza, Waislamu wa tangu zamani pale mjini. Baba ni fundi magari. Shangazi Zuhura, dada yake, alikuwa na nyumba mtaa wa Kamenge, akaikimbia pale vita ilipoanza. Tangu hapo tulikuwa tunaishi naye.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, niko nyumbani tu. Shirika moja likawa linatafuta mkalimani wa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, wa kupokea wakimbizi wanaorudi kutoka Tanzania.

Nikaomba. Wakanijibu kwamba entretien, yaani interview, itakuwa kwa video, wao wakiwa Nairobi.

Kwa video! Hata webcam nilikuwa sijawahi kuiona. Nilicheka peke yangu njia nzima, watu wananitazama.

Webcam tuliyoijua ilikuwa kwenye cyber ya Salum, wa familia moja ya Waarabu wenye maduka. Alinionya nitazame jicho la kamera, nisitazame sura za watu. Tena akasema sauti inachelewa, kwa hiyo nikishajibu nitulie, nisubiri ifike.

Nikayapeleka hayo nyumbani. Wakuu, nyumba nzima iliingia mazoezini.

Shangazi alibandika kifuniko cha soda juu ya kioo cha kabati, akasema kamera ndiyo hiyo. Baba akitoka garage, mikono ina oil, ananiuliza kwa Kifaransa chake cha wateja kwa nini wanichukue mimi. Najibu. Halafu wote kimya, tunangoja sauti ifike Nairobi.

Ikawa ugonjwa. Baba anaomba chumvi mezani, mama anamkodolea macho tu, hasogei, halafu ndiyo anampa. Tulicheka mpaka wali ukapoa.

(Kuna watu huniuliza kama kipindi kile tulikuwa tunacheka. Tulikuwa tunacheka sana. Risasi zinalia vilimani, sisi tunabishana blauzi gani itaonekana vizuri kwenye screen.)

Siku yenyewe shangazi akakataa kuniacha niende peke yangu kwa watu asiowajua. Nikamwambia hao watu wako Nairobi. Akasema hata kama. Akaja mpaka cyber, akakaa nyuma yangu na mtandio wake wa Idi.

Wakatokea mama mmoja mzungu na bwana mmoja Mkenya. Tukaanza kwa Kifaransa. Najibu, natulia, jicho kwenye kamera. Mambo safi.

Ghafla, buuum!

Mimi sikutikisika. Shangazi hakutikisika. Lakini kule Nairobi wote wawili waliingia chini ya meza, na picha ikaganda hapohapo. Tunaona nywele tu.

Nilijiuma ulimi nisicheke. Walipoinuka wakauliza kama tuko salama. Sijafungua mdomo, shangazi keshasogea mbele ya kamera.

"Apana ogopa. Ni jirani anafungua mulango ya magasin."

Kumbe ni mlango wa chuma wa duka tu! Yule Mkenya akaangua kicheko. Yule mama mzungu akataka kujua kimesemwa nini, nikamtafsiria. Naye akacheka, lakini akabaki anamtazama shangazi. Akaniomba nimuulize kama aliwahi kukimbia kwake, na angemwambia nini mtu anayeogopa kurudi.

Shangazi akaukaza mtandio wake. Kisha akasema:

"Mwambie arudi tu. Akifika, asalimie jirani. Jirani akiitika, alale. Asipoitika, kesho amusalimie tena."

Nilitafsiri vilevile, sikuongeza, sikupunguza.

Kule kimya. Nikadhani ni network. Haikuwa network, yule mama alikuwa anafuta miwani.

Yule bwana akasema hana swali lingine. Nikatoka nikiamini nimeshaanguka.

Siku chache baadaye Salum alikuja Bwiza mwenyewe, anahema: jibu limefika kwenye cyber, nimechukuliwa! Mama akapiga vigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Mimi naruka uani kama mtoto.

Shangazi alikuwa anapeta mchele. Hakuacha. Aliuliza kitu kimoja tu:

"Mi na we tunaanza kazi lini?"

Nilichojifunza, wakuu: jiandae mpaka uchoke, halafu siku ikigeuka, geuka nayo. Kazi niliipata kwa swali ambalo hatukulifanyia mazoezi.

Haya, nani hapa alishawahi kuingiliwa na ndugu katikati ya interview? Shusheni visa, nasoma vyote.