Shimo Nyuma ya Jiko la Mama Grâce

Mwaka 2014 Mama Grâce aliheshimiwa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, kwa mambo mawili. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa ambalo pombe ilikuwa marufuku, na alikuwa fundi wa kasiksi, pombe ya ndizi, ufundi aliotoka nao Kivu ya Kusini, Kongo. Mambo hayo hayakuwahi kukutana. Mwenyewe alihakikisha.

Jumatano moja, harusi ya bintiye ikiwa wiki inayofuata, akafika Byaruhanga, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Mbarara, na rada yake. Ilikuwa kisanduku juu ya magurudumu, toroli iliyokwenda chuo. Ukiisukuma inatuma mawimbi ardhini, na yakirudi yanachora kwenye skrini mahali udongo uliwahi kuchimbwa. Byaruhanga alitafuta makazi ya wafugaji wa zamani. Nyuma ya jiko la Mama Grâce, mstari ukainuka kama nundu ya ng'ombe.

"Mama, hapa chini iko shimo ya zamani sana," akasema, jasho la furaha likimtiririka. "Pengine miaka mia tano. Wapi majembe?"

Watu wakajaa. Mchungaji Nehemiya, jirani, akaja na kiti chake kabisa.

Mama Grâce aliujua umri wa shimo lile: siku mbili. Ndani mlilala mikungu kumi na mmoja, imefunikwa majani na udongo, imepashwa moto iive. Ukifunua mapema joto linatoka, ndizi zinabaki ngumu kama kuni, na wakwe wanakuja kukodolea macho soda.

Akaenda akakaa juu ya shimo.

"Docteur, hii fasi usichimbe."

"Mama, hii ni historia."

"Historia gani? Nilizika mwenyewe juzi. Ni ndizi."

Byaruhanga akaitazama skrini, kisha akamtazama yeye. "Ndizi za tonto?"

"Sisi tunaita kasiksi."

Mtu mzima akashika kichwa. Kwao Kabingo mama yake alizika ndizi hivyo hivyo kila Krismasi, na aliyetumwa majani ni yeye. "Miaka yote ile ya chuo," akasema, "na mwenye shamba sikumuuliza."

"Ungeniuliza mbele ya Mchungaji, ningekudanganya. Leo ni majembe yamenishinda."

Mchungaji akakohoa. "Mama Mwenyekiti. Mikungu mingapi?"

"Kumi na mmoja, Mchungaji."

"Uenyekiti unapumzika. Mwezi mzima utakaa benchi ya nyuma."

"Amina," akajibu upesi mno. Kule nyuma kuna upepo, na wakwe watakunywa.

Ijumaa Byaruhanga alirudi na futi ya kupimia. Alitaka kuona shimo likifunuliwa, maana mistari ya mashimo kwenye skrini alikuwa nayo mingi, lakini shimo lenye vitu vyake ndani hakuwahi kupata. Mama Grâce akampa jembe.

"Polepole, docteur. Sasa ndiyo uchimbe."

Harufu tamu ikapanda. Ndizi zilikuwa njano, laini, zimeiva zote.