Mwenye Shimo la Ndizi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, nilijua kila kitu. Ugonjwa huo huwapata watoto wengi wanaoshika namba ya kwanza, na wengine hawaponi hadi wanazikwa na vyeo vyao. Mimi niliponywa mapema, asubuhi moja, nyuma ya jiko la bibi yangu hapa hapa Heru Juu, na dawa yenyewe nusura imuue mtu mwingine.

Ningekaa nayo kimya kama nilivyokaa miaka yote hii. Aliyeichokonoa ni mjukuu wangu Editha. Yuko darasa la saba, mama yake yuko kazini Kibondo, kwa hiyo kula anakula kwangu, kulala analala kwangu, na kufeli anafelia kwangu. Mtihani wa majaribio wa sayansi ameniletea alama ambazo hata kuku angeona haya kuzitaga. Mwalimu wake aliniita, akaniambia kwa adabu zote kwamba mtoto si mjinga, ila asipobadilika kabla ya mtihani wa mwisho, sekondari ataiona kwa kupita barabarani. Nikarudi nyumbani, nikavaa miwani.

"Mke mwenzangu, lete daftari. Kuanzia leo tunasoma wote."

"Bibi, si wewe uliishia la saba?"

"Na wewe hujamaliza hata hilo nililoishia. Lete."

Tukawa tunasoma kila alasiri, yeye na daftari, mimi na ungo wa maharage. Haikunichukua siku mbili kuuona ugonjwa. Editha anakariri. Ukimwuliza moto unahitaji nini ili uwake, anakujibu haraka, "Oksijeni," kama anayeitikia salamu. Ukimwuliza hiyo oksijeni iko wapi, anatazama dari, labda imetundikwa huko.

Siku ya tatu akafika kwenye gesi. Akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa ukoo mwingine: "Kabonidayoksaidi ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini. Huzima moto."

Mkono wangu ukasimama kwenye maharage. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hapo pa kukaa chini na kuzima moto."

Akarudia. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi. Nimekutana na mtu ninayemfahamu."

Sasa nieleze. Kwetu ndizi za pombe hatungoji ziivie mgombani. Unakata mikungu mibichi, unachimba shimo, unalitandika majani ya mgomba, unapanga ndizi, unafunika kwa majani na udongo, halafu unawasha moto mdogo kwenye tundu la pembeni ili joto na moshi viingie ndani. Baada ya siku tano au sita unafukua, unakuta ndizi zimekuwa njano, zinanukia hadi nyuki wanagombana. Shimo hilo kwa Kiha tunaliita urwina. La bibi yangu mzaa baba lilikuwa refu kuliko yote kitongojini, kwa sababu pombe yake ndiyo iliyonywewa kwenye ujima wa kulima na kwenye harusi. Mtoto akisimama ndani anaona mawingu tu.

Na lilikuwa na mwenyewe. Bibi hakumpa jina, alimwita mwenye shimo, na kazi yake ilikuwa kunywa pumzi. "Anakunywa pumzi kama wewe unavyokunywa uji," alituambia, "na bakuli halirudishi likiwa na kitu." Kwa hiyo kulikuwa na utaratibu. Shimo likifunguliwa, hakuna kuingia. Bibi aliwasha mwenge wa matete, akaufunga kwenye ncha ya mti mrefu, akaushusha taratibu hadi chini kabisa huku akisalimia: "Mwakeye, mwenye nyumba." Mwenge ukizimika, mwenyewe yumo. Basi tunapepea shimo kwa majani ya mgomba ili aamke aende zake, tunakaa, tunashusha mwenge mwingine. Ukiendelea kuwaka hadi tumalize kuhesabu vidole vya mikono na miguu, ndipo mtu anaingia. Sharti la pili alilitoa akiwa ametushika masikio na kuyavuta: "Akimkamata mmoja, usimfuate. Huyo wa kwanza ni chambo. Anamtaka wa pili."

Mwaka ule tulikuwa na mwalimu wa sayansi aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali, kijana msafi, viatu vyake havijui tope. Akatufundisha somo la imani potofu. Bundi ni ndege tu, akasema. Kinyonga ni mjusi mwenye maringo. Na mizimu ya mashimoni na mitoni ni hofu ya watu wasiosoma. Akatupa jaribio, nikapata kumi kwa kumi. Nilikimbia nyumbani na karatasi ile, nikamsomea bibi mstari kwa mstari mbele ya wanawake waliokuja kutwanga naye, nikamalizia mwenyewe, maana karatasi ilikuwa imeishia mapema: "Kwa hiyo mwenye shimo hayupo."

Bibi hakuacha kutwanga. "Huyo mwalimu wako amewahi kuivisha ndizi?"

"Hapana, lakini amesoma."

"Basi mwache asome. Wewe shika mchi."

Wanawake wakacheka hadi mmoja akaweka mchi chini. Nilichekwa mimi, wa kumi kwa kumi! Sikusahau.

Siku chache baadaye ilikuwa zamu ya kufungua shimo. Bibi alishaondoa udongo na majani ya juu, anatafuta matete ya mwenge, ndipo jirani akaja mbio: ng'ombe wake amekwama kuzaa, na mkono uliokuwa ukiaminiwa kwa kazi hiyo ni wa bibi. "Msiguse kitu hadi nirudi," akasema, akaenda.

Tulibaki wawili, mimi na Tereza, binti wa baba yangu mkubwa. Alinizidi umri mwaka mmoja, lakini alikuwa amerudia darasa, kwa hiyo tulikaa dawati moja. Tereza alikuwa na nguvu, moyo mweupe, na aliamini ninachosema kama vile chaki ilikuwa mkononi mwangu.

"Tuzitoe sisi," nikamwambia. "Bibi akirudi akute kazi imekwisha, tuone atasema nini na mwenye shimo wake."

"Na mwenge?"

"Mwenge wa nini? Wewe kwenye jaribio ulipata ngapi?"

Alikuwa amepata mbili. Akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akaweka mguu kwenye vishikio vilivyochimbwa ukutani, akashuka. Utauliza kwa nini sikushuka mwenyewe. Mwenye akili husimamia.

Mkungu wa kwanza akaniinulia. Wa pili akaniinulia, akinicheka kwa sababu nilishindwa kuuvuta vizuri. Alivyokuwa amesimama alikuwa mzima kabisa. Wa tatu ulikuwa chini zaidi, akainama kuufungua kwenye majani, akakawia huko chini. Alipojaribu kuinuka, akakaa.

"Tereza, acha mchezo."

Akanitazama kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Akaegemea ndizi, akalala, mdomo wazi.

Mguu wangu mmoja ulikwishaingia kwenye kishikio kabla sijafikiri. Kilichonirudisha hakikuwa akili. Ni sikio, lile lililovutwa. Lilipata moto kana kwamba vidole vya bibi bado vimelishika. *Anamtaka wa pili.* Nikautoa mguu. Nikarukia mgomba, nikang'oa jani zima, nikaanza kupepea lile shimo na kupiga yowe. Kumi kwa kumi yangu haikuwa na neno hata moja la kunishauri. Nilichokuwa nacho ni jani la mgomba na masharti ya mwanamke asiyejua kusoma.

Bibi alikuja na jirani yule, mikono ingali na damu ya ng'ombe. Hakulia, hakuniuliza kitu. Alimsukumia jirani jani, "Pepea!" kisha akachukua kigoe, ule mti wenye ncha iliyopinda tunaovutia mikungu, akalala kifudifudi ukingoni huku uso wake kaugeuza pembeni, akakipitisha kigoe chini ya kitenge cha Tereza. Tukavuta watatu. Alitoka kama gunia la mvua. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuieleza.

Bibi akamlaza upepo unapotokea, akampiga mgongoni, akammwagia maji ya mtungini, akampiga tena. Nilihesabu vidole vya mkono mmoja, nikahesabu vya wa pili. Nilikuwa nimefika kwenye miguu Tereza alipokohoa, akatapika juu ya miguu ya bibi. Bibi akasema, "Asante," kama aliyeletewa zawadi.

Alipokwisha kunawa, akauliza, "Nani kasema mwingie bila mwenge?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini Tereza, akiwa bado amelala pale, sauti imekwaruza, akatangulia: "Mimi."

Nikaufunga.

Bibi alinitazama mimi, si yeye. Alinitazama muda wa kutosha kupika ugali. Hakumpiga mtu. Tereza aliumwa kichwa siku mbili, akapona, akawa anakula kuliko mwanzo. Ila tangu siku ile, kila shimo lilipofunguliwa, mwenge nilikabidhiwa mimi, na salamu nilitoa mimi, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote: "Mwakeye, mwenye nyumba." Hadi naolewa.

Ndiyo maana asubuhi iliyofuata baada ya lile somo la gesi nilimwambia Editha aache daftari ndani. Siku hizi wengi wanaivishia ndizi kwenye mapipa, lakini mimi shimo langu ninalo nyuma ya jiko, na lilikuwa limetimiza siku zake. Nilifukua juu. Nikampa mshumaa ndani ya kopo, kopo kwenye waya.

"Shusha."

Akashusha. Mwanga ukateremka kando ya ukuta, ukapita mikungu ya juu, ukafika karibu na chini. Ukazimika, bila upepo wala mlio. Akauvuta, akauwasha, akashusha tena. Ukazimika pale pale.

"Bibi, kuna nini humo?"

"Wewe ndiye mwenye mtihani. Niambie."

Akachungulia kopo, akanusa utambi. Halafu akasema polepole, safari hii si kwa kuitikia salamu: "Ndizi zinapoiva zinatoa kabonidayoksaidi. Na moto wa kuivishia pia. Ni nzito. Haiwezi kupanda yenyewe kutoka shimoni. Oksijeni imepungua huko chini." Akasogea nyuma hatua mbili. "Na mtu akiinama..."

"Ehee. Na mtu akiinama."

Nikamsimulia yote niliyoyasimulia hapa. Alipofika mahali pa kuuliza, akauliza kama bibi alivyouliza.

"Sasa nani alimwambia aingie bila mwenge?"

Wajukuu wana bahati mbaya ya kuuliza vitu ambavyo watu wazima wamekubaliana kutouliza. Nikaangalia shimo. "Mimi," nikasema. Neno fupi hivyo, nililibeba tangu darasa la nne.

Jioni ile nilimpigia Tereza. Aliolewa Munanila, ana wajukuu wengi kuliko meno. Nikamwambia nimempata yule mwenye shimo, jina lake limo kwenye kitabu cha darasa la saba. Nikamsomea na sifa zake, haonekani, hanuki, anakaa chini.

Tereza akasikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo umenipigia kuniambia jina la aliyetaka kuniua? Mimi namjua siku nyingi. Anaonekana vizuri tu, anakaa Heru Juu, na siku hizi anavaa miwani."

Nilicheka hadi Editha akatoka ndani. Kisha nikamwambia Tereza pole. Akanijibu imechacha, lakini ataipokea, na nisimmalizie chaji.

Nimeliwaza sana jambo hili, na sioni sababu ya kulifunga utepe. Bibi yangu alikosea mwenye shimo ni nani, na hakumzika mtoto hata mmoja. Mwalimu alisema kweli kwamba hakuna mzimu, akasahau kuuliza kwa nini mwenge unazimika. Na mimi niliyekuwa katikati yao, mwenye karatasi ya kumi kwa kumi, ndiye niliyekuwa mjinga kuliko wote, kwa kuwa sikuuliza chochote na nilimtuma mwenzangu akanithibitishie. Kukariri ndiko huko. Hakuna tofauti kama umekariri mzimu au umekariri kitabu.

Mtihani wa Editha ni wiki ijayo. Sijui atapata ngapi, na sitambashiria. Ila jana ndizi nyingine zilikuwa zimetimiza siku zake, nikamtuma akafungue shimo wakati mimi nasaga karanga. Nilimchungulia kutoka jikoni. Alishusha kopo, mshumaa ukazimika, akachukua jani la mgomba akapepea, akakaa kitako pembeni kungoja. Alipoushusha mara ya pili ukabaki unawaka, nikamwona anahesabu vidole, mikono kwanza, halafu akavua kandambili na kuhesabu vya miguu.

Kabla hajaingia, akageuka kutazama kama kuna mtu anayemwona. Akainama kidogo ukingoni.

"Mwakeye," akasema.