Mjusi wa Zuhura Alipogeuka Mweupe

Rafiki yangu Zuhura alipopata kazi Nairobi, aliniachia mjusi wake wa madoadoa katika sanduku la kioo. Mimi, mtu wa kuhoji kila kitu, nilimwambia hamu ya mtu aliye mbali ni mazoea tu ya ubongo, yataisha. Hayakuisha. Kila jioni nilimlisha mjusi panzi huku nikimsimulia habari za Zuhura. Mama, anayeamini kuua mjusi ni thawabu, alimvumilia kwa ajili ya Zuhura tu.

Juzi mjusi akageuka mweupe, akagoma kula. Nikampigia Zuhura: "Njoo, anakufa!" Akasema atapanda treni kesho yake.

Jioni ile ile mjusi akajivua gamba, akalila lote, akabaki anang'aa. Simu nikaiacha mfukoni.

Zuhura akafika kwetu Bofu macho mekundu, begi begani, akachungulia kioo.

"Mbona mzima?"

"Hata mimi nashangaa."

Mama akatoka jikoni na sinia la mahamri. "Karibu mwanangu! Kwani huyu hakukwambia? Jana kacheka hapa mpaka chozi, kumbe mjusi yuajivua gamba tu. Nikamwambia, mpigie mtoto wa watu asisumbuke. Akanambia, 'Mama, mwache aje.'"