Ulimi wa Mjomba

Katika kantini ya kiwanda walimwita Kijiko, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kijiko kwenye mfuko wa aproni. Alikuwa na mke na watoto, lakini mbele ya mpishi mkuu alibaki mtoto. Mpishi mkuu alikuwa mjomba wake, aliyemlea tangu alipobaki yatima na kumfundisha kazi kuanzia kumenya viazi.

Walikuwa na siri wawili hao. Mjomba aliwahi kuugua mafua makali, na tangu hapo ulimi wake haukujua tena chumvi wala sukari. Kila sufuria ikiiva, Kijiko alionja, na mjomba akanong'ona, "Mwanangu, vipi?" Kijiko akisema sawa, chakula kinapakuliwa. Sifa zilikwenda kwa mjomba, na Kijiko hakuona ubaya.

Aliyemwonyesha ubaya ni mtunza stoo, mtu wa maneno laini aliyenusa siri ile siku nyingi.

"Mpishi ni wewe, bwana. Yule kabaki kofia tu."

"Mjomba ni mjomba," Kijiko alicheka.

"Haya, endelea kukwea mnazi, nazi wale wengine."

Nyumbani mkewe naye akadaka mpira. "Baba watoto, huyo mtunza stoo kakosea wapi? Utazeekea msaidizi?" Maneno ni kama tone la maji, jiwe nalo hutoboka. Kijiko akaanza kuitazama ile kofia nyeupe ndefu ya mjomba, na ikamnyima usingizi.

Siku moja wakubwa wa kiwanda walikuja kula na wafanyakazi. Jiko lilikuwa moto, kelele juu, na mjomba akatia chumvi kwenye maharage mara mbili. Kijiko alipoonja, ulimi ulikakamaa. Muda wa kuongeza maji na viazi ulikuwepo.

"Mwanangu, vipi?"

Mtunza stoo alikuwa ameegemea mlango wa stoo, kakunja mikono.

"Sawa, mjomba."

Wageni walitema. Meneja akaingia jikoni mwenyewe. "Mzee, unataka kutuua?"

"Kiko sawa, bosi. Mpwa wangu ameonja."

Meneja akamgeukia Kijiko. "Umeonja?"

"Hapana, bosi. Mimi sikuonja."

Mjomba hakufoka. Alimtazama kama mtu anayetafuta alipoweka kitu chake. "Basi nimesahau," akasema. "Uzee huu." Akavua kofia, akaitundika msumarini, akatoka.

Kijiko akapewa cheo, akaivaa. Haikupita muda, mtunza stoo akamletea maharage yenye wadudu. "Pika tu, mkuu. Kofia hiyo umevikwa na nani?" Kijiko akapika. Mara akamwona mtunza stoo akicheka na msaidizi mpya pale pale mlangoni pa stoo.

Tangu hapo hakumwamini mtu. Alionja sufuria moja tena na tena mpaka ulimi ukachoka, hajui tena anachoonja. Akimuuliza msaidizi, anajibiwa, "Sawa, mkuu." Neno lile lilimchoma. Siku moja, baada ya kujibiwa hivyo, alimwaga sufuria nzima ya mchuzi kwenye mtaro, wafanyakazi wamepanga foleni na sahani mkononi. Chakula kilikuwa kizuri, wote waliokionja jikoni walisema hivyo. Jioni hiyo hiyo alifukuzwa kazi.

Hakwenda kwake. Alikwenda kwa mjomba, akamkuta peke yake, ameinamia kisufuria kidogo.

"Afadhali umekuja," mjomba akasema, akimpa kijiko. "Onja. Vipi?"

Kijiko alionja.

"Mjomba, siku ile nilionja."

"Ya siku ile nayajua," mjomba akasema bila kuinua macho. "Nakuuliza ya leo."

Kijiko akaonja tena, akafumba macho, akameza.

"Sijui, mjomba. Haki ya Mungu, sijui."

Mjomba akaipua kisufuria, akapakua sahani mbili, wakala hivyo hivyo, wote wawili wasijue wanakula nini.