Wino wa Magome ya Miwati

Sufuria yangu ya harusi ina doa jeusi kitakoni ambalo halijatoka hadi leo. Nimelisugua kwa mchanga, kwa majivu na kwa hasira. Aliyelitia ni mume wangu, Mwalimu Yoeli, akisaidiwa na vijana kumi na wanne wa darasa la kumi. Na mimi, sina budi kukiri, nilikuwa na mkono wangu humo.

Ilikuwa mwaka 1954, katika shule ya misheni ya Kilutheri kando ya barabara ya Njombe kwenda Makambako. Yoeli alifundisha kemia bila chumba cha sayansi. Alikuwa na meza moja, chupa tupu za dawa alizoomba zahanati, na jiko langu. Vijana wake walichuja majivu wakapata magadi, walichoma mifupa wakaisaga, waliponda maua mekundu wakayakamulia limau waone rangi ikigeuka. "Kemia haikaririwi, Mama Ema," aliniambia, "kemia inashikwa." Nami nilimjibu ashike vya kwake, vyombo vyangu aviache.

Mwalimu Mkuu Sila, mzee wa kanisa na mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona, hakupendezwa hata kidogo. Kwake yeye sayansi hutoka ubaoni ikaingia daftarini, basi. "Hapa ni shule, si jikoni," alimwonya Yoeli mbele ya walimu wenzake. Alimwonya mara ya pili. Ya tatu, alisema, itakuwa barua kwa wakuu wa misheni.

Mwaka ule mvua zilianza mapema. Lori lililobeba unga wa wino wa mtihani lilinasa kwenye tope Makambako siku tatu. Kasha lilipotufikia Jumatatu lilikuwa likidondosha maji ya buluu, na ndani hamkubaki hata kijiko kimoja cha unga. Chupa chache zilizokuwa madukani Njombe zilikuwa zimekwisha kununuliwa. Mtihani ulikuwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Penseli haikuruhusiwa. Msimamizi angekuja na bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na kama vijana wasingeanza saa ile, angerudi nayo, nao wangengoja mwaka mzima.

Aliyeumia zaidi ni Anyisile, kijana aliyetoka Bulongwa kwa miguu kuja kusoma. Baba yake alikuwa amekwisha kusema: mwaka huu ndio wa mwisho, usipofaulu nenda ukabandue magome ya miti ya miwati shambani kama kaka yako. Na ni yeye aliyenyoosha kidole siku ile.

"Mwalimu," alisema, "kaka yangu akishika panga huku mikono imelowa maji ya magome, inakuwa myeusi. Hata sabuni haiitoi. Huo si wino?"

Yoeli akaja mbio nyumbani kuchukua sufuria yangu.

Magome yalipatikana, misumari ilipatikana. Ilibaki siki ya kuyeyushia chuma, nayo siki hakuna. Yoeli akanitazama kwa jicho la kubembeleza. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukichacha, alisema, ni siki tupu. Mimi, mke wa mwalimu, mwimbaji wa kwaya, katika kanisa ambalo mtu husimamishwa meza ya Bwana kwa kunusa tu! Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama, kibuyu chini ya kanga, hadi kwa Avelina muuza ulanzi.

"Kamwene, Mama Ema!" alicheka. "Leo kwaya imekaukwa na koo?"

"Nataka uliochacha."

"Uliochacha? Huo nawapa nguruwe."

"Basi niuzie wa nguruwe, na mdomo wako ufunge."

Kila kijana alisugua misumari yake kwa mchanga mpaka ikang'aa, akaizamisha katika ulanzi. Walichemsha magome, wakachuja. Alhamisi walichanganya, wakatia na gundi ya mti uleule ili wino usisambae. Yoeli alimimina kidogo kwenye sahani, akaiacha dirishani wakati wa chakula. Tuliporudi alichovya kalamu, akaandika jina langu. Jeusi! Vijana walipiga kelele mpaka Ema, binti yetu mdogo, akaamka akilia.

Jioni sufuria ilibaki kwangu, misumari ikiwa bado ndani. Nikaifunika. Nilikaza mfuniko, nikauzungushia kitambaa, maana jiko lina masizi. Mwanamke gani aache chungu wazi?

Ijumaa saa mbili na nusu vidau kumi na vinne vya wino vilijazwa, nami nilikuwa mlangoni na birika tulilomiminia. Msimamizi aliitwa Bwana Marcelino, mwalimu wa shule ya Wakatoliki aliyetumwa na ofisi ya elimu, mtu mkavu asiyetabasamu. Alichovya kalamu akachora mstari kwenye karatasi.

Mstari ulionekana kwa shida. Ulikuwa na rangi ya chai ya majani yaliyopikwa mara ya tatu.

"Huu ndio wino?" aliuliza.

Mwalimu Mkuu aliinama juu ya kidau, akanusa, uso ukambadilika. "Mwalimu Yoeli. Huu ni ulanzi. Umeingiza ulanzi shuleni."

Yoeli alichungulia kidau. Alinitazama mimi. "Mama Ema, uliifunika?"

"Niliifunika."

"Sana?"

"Mfuniko na kitambaa."

Aligeuka kwa wale wawili. "Wino haujapata hewa. Ukikaa juu ya karatasi utaiva. Naomba robo saa tu."

"Utaiva!" Mwalimu Mkuu alipaza sauti. "Upishi tena!"

Bwana Marcelino alitazama saa yake. "Ni saa tatu kasoro dakika kumi na nne. Mimi sinusi, natazama karatasi. Saa tatu kamili kama hakuna wino unaosomeka, bahasha narudi nayo."

"Na barua yangu kwa wakuu wa misheni utaipeleka," alisema Mwalimu Mkuu. Akavuta kiti, akatoa karatasi ya shule, akachovya kalamu katika kidau kilichokuwa karibu. Wino mwingine angeutoa wapi? Akaanza kuandika taratibu, kwa ule mwandiko wake wa kujivunia, herufi moja baada ya nyingine, bila kukaushia.

Niliiona kalamu ikienda, na nyuma yake karatasi kama haijaguswa. Mvua ilipiga bati. Vijana walikaa wima kwenye madawati, vidole vyao vyeusi kwa kazi ya siku nne. Anyisile alikuwa amefumba macho. Niliogopa, na nilijichukia mimi na kitambaa changu. Nilimwambia Mungu waziwazi kwamba kama anataka kunitia adabu kwa sababu ya ulanzi, anitie mimi, watoto hawa wamemkosea nini?

Bwana Marcelino alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mwalimu Mkuu. Nilimwona akiinama. Akainama zaidi.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "hebu ondoa mkono."

Tarehe juu kabisa ilikuwa nyeusi. Mstari wa kwanza ulikuwa mweusi, wa pili umekoza, wa tatu kijivu, na wa mwisho bado chai. Tulisimama pale tukiitazama rangi ikija, mstari baada ya mstari, ikishuka kuelekea kwenye kalamu yake.

"Unasomeka," alisema Bwana Marcelino. Alitazama saa. "Zimebaki dakika mbili. Vijana, shikeni kalamu." Akaivunja lakiri.

Mwalimu Mkuu hakuimalizia barua. Aliikunja, akamkabidhi Yoeli, akatoka nje kwenye mvua bila kofia. Katika wale kumi na wanne, kumi na mmoja walifaulu, Anyisile akiwemo. Yoeli hakuondolewa, na sufuria zangu hazikupona.

Tulipomzika Yoeli, miaka mingi baadaye, mchungaji kijana aliniomba karatasi yoyote inayoeleza kazi ya marehemu. Vyeti vyake vilivyoandikwa kwa wino wa dukani vilikuwa vimefifia, havisomeki. Nikampa ile barua. Aliisoma kwa sauti mbele ya waombolezaji:

"Mwalimu huyu hatosheki na ubao. Huwapa wanafunzi moto, misumari na magome, akawaacha washike kila kitu kwa mikono yao, na yeye mwenyewe huchafuka pamoja nao. Nimemwonya mara mbili, hasikii. Kwa hiyo naomba aondolewe mara mo"

Mchungaji aligeuza karatasi nyuma, akatafuta palipobaki. Nilimwambia imeishia hapo.